Zebaki katika chaza na kaa wa mikoko: Tule au tusile?

Maji yakipwa wakati wa bamvua, akina mama wa vijiji vinavyozunguka hori la Mida hushuka mikokoni na ndoo, visu na vipande vya chuma. Chaza hubanduliwa kwenye mizizi na kwenye miamba, kombe huchimbuliwa mchangani, na kaa hutolewa mashimoni kwa kijiti. Kufikia maji yanapojaa tena, ndoo ina kitoweo cha jioni, na kinachozidi huuzwa. Pesa hizo hununua unga na hulipa karo.

Mmoja wa akina mama hao, mzee wa kutosha kuniita mwanawe, alinisimamisha nilipomwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kaunti, hebu nieleze. Nasikia redioni kuna sumu yaitwa zebaki, yaingia kwenye vitu vya baharini. Mjukuu wangu nampikia chaza kila wiki, na mamake ana mimba. Tule au tusile?"

Swali hilo halistahili jibu la haraka la njiani. Makala haya ndiyo jibu lake, na ni la kila mkaazi wa Kaunti ya Kilifi anayekula, anayevua au anayeuza vitu vya baharini. Si tangazo la kusimamisha uvuvi wala biashara. Ni maelezo ya jinsi zebaki inavyofika kwenye sahani, nani yuko hatarini zaidi, na tunachoweza kufanya.

Jibu kwa ufupi ni hili: chaza, kombe, kamba na kaa kwa kawaida hubeba zebaki kidogo, mradi wametoka mahali pasipo na uchafu wa viwanda, jaa la taka au mfereji wa maji machafu. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kitoweo kingine tunachokipenda sana Pwani, nacho ni papa.

Zebaki ni nini?

Zebaki ni madini ya asili yenye rangi ya fedha, na ni chuma pekee ambacho ni maji katika joto la kawaida. Wengi wetu tumeiona ndani ya kipimajoto cha zamani cha hospitali. Imo pia katika mashine za zamani za kupima presha, kwenye taa za mrija mrefu na baadhi ya balbu za kubana umeme, katika betri fulani ndogo za mviringo, katika dawa ya fedha ya kuziba meno, na katika baadhi ya krimu za kujichubua ngozi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kushika chembe za dhahabu, kisha huichoma ili iondoke kwa mvuke.

Nyingine hutoka ardhini yenyewe kupitia volkeno na miamba. Lakini kazi za binadamu zimeongeza sana kiasi kilichoko hewani na majini. Duniani kote, uchimbaji mdogo wa dhahabu na uchomaji wa makaa ya mawe ndivyo vyanzo vikubwa zaidi vya zebaki inayorushwa hewani na binadamu. Mvuke wake husafiri mbali, kisha hurudi chini pamoja na mvua. Kwa hiyo hakuna bahari isiyo na zebaki hata kidogo. La kujua ni kiasi gani, na katika umbo gani.

Kwa nini matope ya mikoko?

Kila aliyewahi kukanyaga matope ya mikoko anajua ile harufu kama ya yai viza. Harufu hiyo hutoka kwa vijidudu wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa. Vijidudu hao hawana ubaya. Kazi yao ni kuozesha majani yaliyoanguka. Lakini zebaki ikifika hapo, baadhi yao huigeuza kuwa aina nyingine inayoitwa methili-zebaki. Aina hii ndiyo yenye madhara makubwa kwa mla samaki, kwa sababu hufyonzwa kwa urahisi tumboni, huingia kwenye damu, na hufika kwenye ubongo.

Mikoko ina tabia nyingine. Mizizi yake hupunguza kasi ya maji, na udongo uliobebwa na mto au mvua hutulia hapo. Madini mazito hushikana na chembe za udongo, kwa hiyo nayo hutulia hapo. Kwa njia hii msitu wa mikoko ni kama chujio linalozuia uchafu wa nchi kavu usifike kwenye matumbawe na bahari kuu.

Hii ndiyo sababu kukata mikoko kwa hofu ya sumu kungekuwa kosa. Miti ikiondoka, matope yaliyokaa miaka mingi huchukuliwa na mawimbi, na kilichokuwa kimefungiwa ndani yake hutawanyika. Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027 unaonyesha kwamba Kenya ina takribani hekta 61,271 za mikoko, na hekta 8,536 kati ya hizo ziko Kilifi. Kila hekta inayobaki imesimama inatufanyia kazi ya kuchuja bila malipo.

Chaza hula kidogo, papa hula wote

Chaza na kombe hawatembei kutafuta chakula. Hufungua magamba yao, huvuta maji, huchuja chembe ndogo za chakula, kisha huyatoa maji. Chaza mmoja mkubwa anaweza kuchuja makumi ya lita kwa siku. Akiwa mahali pachafu, anavuta uchafu huo pia. Ndiyo maana wanasayansi katika nchi nyingi huwatumia chaza na kome kama walinzi wa pwani: badala ya kupima maji, ambayo hubadilika kila saa, humpima chaza ambaye amekaa pale pale kwa miezi na miaka.

Lakini chaza yuko chini kabisa katika ngazi ya kulana baharini. Anakula viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho. Dagaa naye anakula vitu vidogo. Samaki wa kati anakula dagaa wengi, samaki mkubwa anakula wale wa kati, na papa anakula wote. Methili-zebaki haitoki mwilini upesi, kwa hiyo kila anayekula mwenzake anarithi mzigo wake. Papa akiishi miaka mingi, mzigo unakuwa mkubwa.

Vipimo vya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, vinaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kwa wastani, kilo moja ya nyama ya papa ilikutwa na miligramu 0.979 za zebaki. Kilo ya kaa ilikuwa na miligramu 0.065, ya chaza 0.012, na ya kamba 0.009. Hii ina maana kwamba papa alikuwa na zebaki takribani mara 80 kuliko chaza. Papa na chaza wa maji yetu si lazima walingane na wale wa Marekani kwa nambari, lakini mpangilio wa nani ana nyingi na nani ana kidogo hufuata ngazi ile ile ya kulana popote baharini.

Hesabu ya sahani

Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, iliweka kiwango ambacho mtu anaweza kula kila wiki bila kumdhuru mtoto aliye tumboni: mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Tuchukue mama mwenye uzito wa kilo 60. Kiwango chake kwa wiki ni 60 mara 1.6, yaani mikrogramu 96. Sasa tutumie wastani wa FDA, na ili tuwe upande wa usalama, tuseme zebaki yote iliyopimwa ni ya aina mbaya.

Akila papa, atafikia kiwango chake cha wiki nzima kwa takribani gramu 98 tu, yaani kipande kimoja cha wastani. Robo kilo ingempitisha mara mbili na nusu. Akila kaa, angehitaji karibu kilo moja na nusu ya nyama tupu, bila gamba. Akila chaza, angehitaji kilo 8 za nyama kwa wiki. Hakuna anayekula hivyo.

Kwa mtoto mwenye uzito wa kilo 15, kiwango cha wiki ni mikrogramu 24. Kipande cha papa cha gramu 25 kinatosha kukifikisha.

Papa mkavu anahitaji tahadhari zaidi. Samaki akikaushwa, maji ndiyo hutoka, zebaki hubaki. Kilo moja ya papa mkavu imetokana na zaidi ya kilo mbili za papa mbichi, kwa hiyo imebeba mzigo wa kilo hizo zote.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia kwa nini mahali anapotoka chaza ni jambo la maana. Umoja wa Ulaya hauruhusu chaza wenye zaidi ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo kuuzwa. Ikiwa hori limechafuliwa hadi chaza wake wakafika kiwango hicho, mama yule wa kilo 60 angemaliza kipimo chake cha wiki kwa gramu 192, sahani moja tu. Chaza ni kitoweo kizuri hadi pale tunapomharibia makao yake.

Funzo la Minamata

Haya si mambo ya kufikirika. Minamata ni mji mdogo wa wavuvi kusini mwa Japani. Kuanzia 1932 hadi 1968, kiwanda cha kemikali kilimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba ambako wakaazi walivua samaki na kuokota chaza na kombe kila siku. Maji yalionekana ya kawaida. Kitoweo kilikuwa na ladha ile ile.

Kwanza paka wa mjini walianza kuyumba, kuzunguka na kufa. Mwezi wa Aprili 1956, msichana wa miaka mitano alipelekwa hospitali akiwa hawezi kutembea wala kusema vizuri. Siku chache baadaye mdogo wake naye akaugua. Mnamo Mei 1, 1956, hospitali iliripoti rasmi kuwepo kwa ugonjwa usiojulikana. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu, au wasio na dalili kabisa, walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Mtoto tumboni alikuwa amepokea sumu kupitia kondo la nyuma.

Serikali ya Japani imewatambua rasmi waathiriwa zaidi ya 2,200, na maelfu ya wengine wamepokea fidia au msaada wa matibabu. Ghuba ilizungushiwa wavu kuanzia 1974 ili samaki wake wasitoke, matope yenye sumu yalichotwa na kufukiwa, na wavu haukuondolewa hadi 1997. Ni zaidi ya miaka 40 tangu ugonjwa uripotiwe. Kuchafua kulikuwa rahisi. Kusafisha kulichukua kizazi kizima.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika Agosti 16, 2017, unaitwa Mkataba wa Minamata kwa heshima ya watu hao. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutia saini 2013.

Inafanya nini mwilini?

Kwa mtu mzima aliyekula nyingi kwa muda mrefu, dalili huanza polepole: ganzi kwenye vidole, midomo na miguu; kuyumba anapotembea; mikono kutetemeka; kuona kwa shida kando ya macho; kusikia na kusema kwa taabu. Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi pia, kama kisukari, kwa hiyo anayezipata aende kituo cha afya apimwe, asijihukumu mwenyewe.

Anayeathirika kwa kiasi kidogo zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa kuwa ubongo wake ndio unajengwa. Katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, watafiti walifuatilia takribani watoto 1,000 ambao mama zao walikula nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi. Walipofika miaka saba, wale ambao mama zao walikuwa na zebaki zaidi walionekana kuwa nyuma kidogo katika lugha, kumbukumbu na uwezo wa kutulia. Hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Walikuwa watoto wa shule wanaohangaika kidogo kuliko walivyopaswa.

Lakini kuna upande wa pili, na unatoka kwa jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Ushelisheli, akina mama waliofuatiliwa katika utafiti wa muda mrefu walikuwa wakila samaki takribani mara 12 kwa wiki. Watoto wao hawakuonyesha madhara ya kueleweka. Walikula samaki wa aina nyingi wa kawaida, si nyama ya nyangumi, na samaki ana mafuta mazuri, protini na madini yanayojenga ubongo wa mtoto.

Ukiweka tafiti hizo mbili pamoja, ujumbe ni mmoja: mama mjamzito asiache vitu vya baharini. Achague. FDA inawashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo waepuke papa, nduaro na sulisuli, lakini inawahimiza mama hao kula kati ya gramu 227 na 340 kwa wiki za vitu vyenye zebaki kidogo, na chaza, kamba, kaa na dagaa wamo kwenye orodha hiyo.

Mwili huondoa methili-zebaki, ila taratibu. Nusu ya iliyomo hutoka kwa takribani siku 50. Kwa hiyo mwanamke anayepanga kupata mtoto ni vyema apunguze papa miezi kadhaa kabla, si baada ya kuanza kliniki.

Zebaki yaweza kutufikia vipi?

Kilifi haina machimbo ya dhahabu ya zebaki kama yale ya Migori na Kakamega, na mito ya huko huelekea Ziwa Viktoria. Lakini sisi tuko mwisho wa mto mwingine. Mto Nairobi unaungana na Athi, Athi unakuwa Galana, na Galana unakuwa Sabaki unaomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Ule wekundu wa bahari ya Malindi wakati wa mvua ni udongo wa bara.

Jaa la Dandora liko kando ya Mto Nairobi. Mwaka 2007, utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, uliripoti zebaki na risasi kupita viwango kwenye udongo wa jaa hilo. Hiyo haina maana kwamba zebaki ya Dandora imo kwenye sahani ya Mambrui. Njiani udongo hutulia na maji huchanganyika. Ina maana kwamba mto hauna mpaka wa kaunti, na kwamba mlango wa Sabaki ni mahali panapostahili kupimwa mara kwa mara.

Vyanzo vingine viko karibu zaidi. Taa ya mrija inapotupwa kwenye bonde la maji ya mvua, au taka zenye betri na vifaa vya umeme zinapochomwa nyuma ya nyumba, zebaki huingia hewani na kwenye udongo. Mvua ya masika huikokota hadi horini, iwe Mida, Takaungu, Kilifi au Mtwapa. Maji machafu yanayoelekezwa horini hubeba mengine.

Krimu za kujichubua zina hatari mara mbili. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, lakini bado huingizwa kwa magendo. Anayejipaka huifyonza kwa ngozi na kuwavutisha watoto wake mvuke wake. Anapooga, inateremka na maji. Kwenye kopo tafuta maneno "mercury", "calomel", "mercurio" au "Hg". Ukiyaona, usinunue. Kopo lisilo na orodha yoyote ya viungo lisinunuliwe vilevile.

Kupika hakuondoi zebaki

Hapa kuna dhana potofu inayoweza kuleta madhara. Moto mkali huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ndiyo sababu chaza na kombe wasiliwe wabichi kamwe ikiwa wametoka karibu na makaazi. Lakini zebaki haiuawi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha, kutia ndimu wala kuloweka kwa chumvi. Imeshikana na nyama yenyewe. Pia huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja. Ni maabara tu inayoweza kuipima.

Kumkalisha chaza kwenye maji safi kwa siku moja au mbili kabla ya kumuuza humsaidia kutoa mchanga na baadhi ya vijidudu. Madini mazito hayatoki upesi hivyo. Kwa hiyo kinga iko kwenye kuchagua mahali pa kuokota, si jikoni.

Tufanye nini?

Wanaookota na kuvua: chagueni sehemu zenye maji yanayotembea, mbali na majaa ya taka, mifereji ya maji machafu, karakana za mashua na gereji. Badilisheni sehemu za kuokota ili mji mmoja wa chaza usilemewe na ili mlo usitoke mahali pamoja daima. Vikundi vya kusimamia fuo, yaani BMU, vinaweza kuandika kila mzigo umetoka hori gani. Mteja wa hoteli akiuliza, jibu lipo, na tatizo likitokea mahali pamoja, biashara ya wengine haizami nalo.

Wanaopika: badilisheni aina za kitoweo. Dagaa, tasi, chaza, kamba na kaa wanaweza kupishana kwa wiki. Papa awe wa mara moja moja kwa watu wazima, na asiwe kwenye sahani ya mjamzito, anayenyonyesha au mtoto mdogo. Mkila kaa, kumbukeni kwamba ile sehemu laini ya njano au kahawia ndani ya gamba hukusanya madini mengine mazito, hasa kadimiamu, kuliko nyama ya miguu na magando. Mpeni mtoto nyama nyeupe.

Nyumbani na kazini: taa ya mrija au kipimajoto kikivunjika, fungueni madirisha na muwatoe watoto kwa angalau dakika 10. Msifagie, kwa sababu ufagio hutawanya chembe. Zikusanyeni kwa karatasi ngumu na utepe wa kunata, mziweke kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa hiyo isichanganywe na taka za kawaida wala kuchomwa. Afisa wa afya ya umma wa wadi atawaelekeza pa kuipeleka.

Kwa jamii: Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la uzoaji taka, afya ya umma na utekelezaji wa sera za uvuvi, huku NEMA ikisimamia leseni za mazingira na umwagaji wa maji ya viwandani. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Kifungu cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo mkaazi akitaka kujua kama maji, matope au samaki wa eneo lake wamepimwa, na matokeo yalikuwa nini, hahitaji kumjua mtu. Anaandika barua kwa ofisi ya serikali inayohusika, ikiwemo ya kaunti, na anastahili jibu. Mradi mpya ukipendekezwa karibu na hori, sheria inataka wakaazi washirikishwe. Njooni kwenye mikutano hiyo na mwulize: maji yenu machafu yataelekea wapi? Nani atayapima, na mara ngapi?

Ukiona lori likimwaga taka mikokoni, maji ya rangi isiyo ya kawaida, au samaki na kaa wengi wamekufa kwa pamoja, usiokote chochote hapo. Andika mahali, siku na saa, piga picha kama kuna usalama, na umjulishe msimamizi wa wadi, BMU au ofisi ya NEMA iliyo karibu.

Jibu kwa mama

Nilirudi kwa yule mama. Nilimwambia aendelee kumpikia mjukuu wake chaza, ila wale wa upande wa mlango wa hori ambako maji huingia na kutoka, si wale walioota karibu na mfereji unaotoka sokoni. Awapike vizuri. Na mamake mtoto, hadi ajifungue na amwachishe ziwa, papa wa nazi amwekee kando.

Akanyamaza kidogo. "Papa ndiye anayemtamani tangu mimba iingie," akasema. "Basi nitampikia kamba. Na huo mfereji wa sokoni, mwanangu, nani anauangalia?"

Swali hilo la pili ni letu sote: kaunti, NEMA, wafanyabiashara na wakaazi. Leteni kwenye baraza lenu lijalo.